Kibwana Auliza Habari za Safari

Zamani za Mdachi, miaka michache baada ya vita vya Maji Maji, Kibwana alikuwa na kiduka cha vifaa vya baiskeli mjini Lindi. Kila asubuhi alifagia mlangoni, akapanga mipira na minyororo, akakaa kungoja. Wenye baiskeli walikuwa wachache: makarani, walimu, matarishi. Wote aliwajua kwa majina.

Kisha kampuni kubwa ikafungua duka mtaa wa pili. Wateja wote wakahamia huko. Kibwana naye akaona dawa ni kuiga. Akaleta kengele za kung'aa na taa za kupendeza, kama zile za kampuni. Zikakaa rafuni mpaka zikajaa vumbi. Maskini, alikuwa na hofu kweli. Duka likifa, itambidi aende kwa mkataba kwenye mashamba ya katani, amwache mkewe Somoe na mimba ya miezi saba.

Jirani yake, Mama Dolat, alikuwa mjane wa Kihindi aliyeuza nguo. Akamwuliza kwa nini wateja wamemhama. Kibwana hakujua. Kumwuliza mtu kwa nini ananunua kwingine aliona ni kumvunjia heshima.

"Basi mwulize habari za safari," akasema Mama Dolat.

"Huwauliza, mama. Wote husema njema."

"Nani asiyesema njema? Wewe ukishaambiwa njema unanyamaza. Mimi hapo ndipo ninapoanza. Uliza baiskeli ilimsumbua wapi. Uliza kule alipata nini, akakosa nini. Ujue kampuni inakushinda wapi, na wewe unaishinda wapi."

Kesho yake akapita Mwalimu Ismaili, anatoka bara. Aliposema njema, Kibwana akazidi kuuliza. Mwalimu akafunguka. Kampuni ina bei nafuu na kila kitu kipo. Lakini wanauza tu, hawafungi wala hawatengenezi. Mnyororo aliouziwa ulikuwa mrefu, ukachomoka njiani. Tena miiba ya njia ile humtobolea mpira kila safari. Kutoka Mingoyo mpaka Lindi amekokota baiskeli kwa miguu.

Kibwana akawauliza na wengine, majibu yakafanana. Akaelewa kwamba kwa bei haiwezi kampuni, na kwa kengele ndiyo kabisa. Ila mikono anayo. Akaziuza kengele na taa kwa hasara, roho ikimuuma. Akanunua viraka, gundi na minyororo, akahamia njia panda ya Mingoyo, wanakopita wote watokao bara. Kila mnyororo aliupima kwenye baiskeli yenyewe, akaufunga palepale. Muda si mrefu, hata walionunua vitu kwa kampuni wakawa wanamletea awafungie.

Siku watu wa mkataba walipopita Mingoyo kwenda katani, Kibwana alikuwa amepiga magoti, anaziba mpira wa tarishi. Aliwatambua wengi. Akakiacha kiraka, akawatazama, machozi yakamlenga. Somoe, amembeba mtoto, akainama karibu yake.

"Kaza hicho kiraka, baba," akamwambia. "Mwenyewe anasubiri."