Kilio Kisicholiwa

Kuku alichinjwa asubuhi, na Kiden hakupepesa jicho. Mtoto wa miaka saba, ambaye mwaka jana alilia mbuzi alipochomwa na mwiba, alichuchumaa akatazama shingo ikirukaruka. Kisha kifuani mwa mtoto ikasikika sauti nzito ya mwanamume: "Huyo imekwisha. Lete ingine."

Mama yake, Shamim, aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya mumewe, Moris, na Moris hakuwa nyumbani. Midomo ya Kiden ilikuwa imefungwa.

Moris alikuwa na kibanda cha video hapo mjini Koboko. Kazi yake ilikuwa kushika maiki na kutafsiri sinema za vita kwa Kiswahili, huku akitia chumvi. Mtu akipigwa risasi, Moris humtania, na ukumbi mzima huangua kicheko. Kiden alishinda humo, kwenye mkeka wa mbele, tangu Shamim aanze kuuza vitenge sokoni. Mkewe alipomweleza habari ya sauti, Moris alisema watoto ni kasuku. Mwanamume huyu alikuwa na jibu kwa kila kitu.

Siku ya tatu Shamim alikwenda kuchota maji, akamwacha Kiden na mdogo wake, Yangi, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, na aliporudi aliipata harufu ya waya ulioungua tangu mlangoni, ingawa nyumba ile haikuwa na umeme, akaisikia ile sauti ikieleza jambo taratibu na kucheka, akakimbia mpaka jikoni, akamkuta Yangi analia mkono wake ukiwa kwenye makaa ya sigiri, na Kiden amekaa kando yake, mikono mapajani, anatazama.

Alipokwisha kumfunga Yangi kitambaa, alimuuliza bintiye kwa sauti ya chini.

"Uliona mutoto iko naungua?"

"Niliona."

"Na hukuita mimi?"

"Ilikuwa haijaisha, mama."

Shehe Alionzi, anayepunga majini, aliitwa akaja baada ya alasiri. Alisoma, akapuliza kwenye maji, akamnyunyizia Kiden, na jini lililokuwa ndani yake likasema kwa sauti ya Moris. Halikukemea wala kutisha. Lilisema kwamba huku kwao kila maiti hupigiwa kilio, lakini kibandani wanakufa watu kila siku na baba huyu anafundisha watoto kuwacheka.

"Kilio yenye hawalii, mimi nakula," lilisema.

Shehe akasema dawa ni moja: aliyelilisha alie, kilio cha kweli, kwa ajili ya mwanawe. Wakamletea Moris mwanawe Yangi. Akaufungua mkono ule, akautazama kwa muda mrefu. Shamim alimwombea machozi kama mtu anavyoomba mvua.

"Mimi nataka kulia, shehe," Moris alinong'ona. "Lakini ndani iko kavu."

Shehe alikunja mkeka wake. Alimwambia Shamim ampeleke Yangi mjini Arua, kwa mama yake mkubwa, siku hiyo hiyo, na asimwache tena karibu na Kiden mpaka baba atakapolia. Shamim alitii, akapanda teksi na Yangi mgongoni.

Teksi ilipowashwa alianza kulia kwa sauti, abiria wote wakageuka. Kiden akaponyoka mkononi mwa baba yake, akalikimbilia dirisha. Shamim alidhani mwanawe anamzuia asiondoke. Kumbe alitaka kuona vizuri.