Kabati Lililopakwa Rangi Ndani

Kwa nje kabati lile lilikuwa limepakwa rangi mara moja tu. Ndani lilipakwa mara saba. Mwalimu alizihesabu tabaka kwenye ukingo wa rafu, pale alipokwangua kwa ncha ya patasi: nyeupe, kijani, buluu, nyeupe tena, kahawia, kijivu, nyeusi. Alikuwa binti wa seremala, na tangu utotoni alijua kwamba rangi hupakwa ili ionwe. Hakuna mtu anayelipamba tumbo la kabati na kuuacha uso wake uchakae.

Alimwonyesha mdogo wake, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda ingawa alishavuka miaka thelathini. Kitinda alicheka, akasema pengine mwenye nalo alikuwa kama wale wanaovaa fulana mpya ndani na shati lililotoboka juu. Kisha akaenda kulala. Alikuwa mwokaji wa mikate, akitoka alfajiri na kurudi mchana, na usingizi kwake ulikuwa kama ndugu wa tatu.

Kabati lilikuwa la wapangaji wa ghorofa ya juu. Walihama ghafla, wakabeba kila kitu, hata misumari ya kutundikia picha, ila kabati wakaliacha chini ya ngazi likiwa limegeuziwa ukutani. Mwalimu alipoligeuza na kuona mvule mzito, milango miwili na viungo visivyo na msumari hata mmoja, alimkumbuka baba yake. Shule zilikuwa zimefungwa, likizo ndefu, na yeye alikuwa akikaa nyumbani kumtunza. Akawaomba majirani wamsaidie kuliingiza kwenye chumba kidogo cha nyuma, kinachopakana na sebule, ili mzee asikie tena harufu ya mbao.

Mzee huyo mtaa mzima ulimjua kwa jina la Randa. Kiharusi kilimpiga miaka miwili nyuma, kikachukua upande wake wa kulia na ulimi wote. Tangu hapo alikaa kwenye kiti cha mikono ya mbao pale sebuleni. Mwanamke aliyekuja kumfanyisha mazoezi alikuwa amemfundisha kugonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Kalamu ilimponyoka kila alipopewa, na akili yake, alisema mama huyo, ilikuwa nzima kama yai.

Siku ya kwanza ya kazi, Mwalimu alipoanza tu kukwangua, Mzee Randa aligonga mara mbili. Kisha akagonga tena mara mbili. Mwalimu akageuka, akamuuliza kama hataki afanye kazi ile. Akagonga mara moja. Akamuuliza kama ni vumbi linalomkera. Mzee hakugonga. Alikuwa ametoa macho, hamtazami bintiye, anatazama kidogo pembeni mwa bega lake.

Mwalimu alihukumu kwamba ni vumbi. Akatundika shuka mlangoni, kati ya chumba na sebule, akaendelea.

Tabaka tatu za kwanza zilitoka vizuri kwa dawa ya kutolea rangi. Ya nne ilipolainika, harufu ilibadilika. Alitazamia harufu ya mvule, ile ya uchungu kidogo aliyoijua tangu akiwa mtoto. Iliyotoka ilikuwa ya uvuguvugu, nzito, kama pumzi ya mtu aliyeamka sasa hivi na kukusogelea usoni kabla ya kupiga mswaki. Akafungua dirisha. Pumzi haikutoka.

Chini ya rangi nyeusi, ambayo ndiyo iliyotangulia kupakwa, ubao wa mgongo ulikuwa umejaa maandishi. Yalikuwa ya wino wa kahawia, mistari midogo iliyobanana kama nyuzi za kitambaa, kuanzia juu hadi chini. Hayakuwa hesabu wala herufi alizozijua. Aliyatazama kwa muda, akayachukulia kuwa alama za karakana fulani ya zamani, akachukua msasa na kuufuta mstari wa juu.

Alipouinua mkono, mkwaruzo wa msasa uliendelea. Mara mbili, tatu, ndani ya ubao. Kisha nyuma ya shuka mtu akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu."

Aliijua sauti ile. Miaka miwili alikuwa ameililia. Alikuwa keshaitika, "Abee, baba," kabla hajafikiri chochote. Alitaka kukimbilia sebuleni, lakini sauti ikamzuia. Ikamwambia asije, asimtazame, maana akitazamwa ulimi unakuwa mzito. Asimuulize kitu mbele ya watu, maana atakataa. Asimwambie mtu yeyote, hasa Kitinda.

"Kwa nini Kitinda?" Mwalimu alinong'ona.

"Hesabu vidonge vyangu," sauti ikasema.

Akavihesabu. Vilikuwa vimepungua sita zaidi ya vile ambavyo baba alipaswa kumeza. Na vidonge ni kazi ya Kitinda, anayempa baba dawa ya jioni.

Mtu akishaanza kuchunguza, kila kitu kinakuwa ushahidi. Mwalimu alianza kumwona mdogo wake akichelewa kurudi, akizungumza na simu huku amegeuka, akimlisha baba haraka haraka. Kila alasiri, kichwa kikiwa ndani ya kabati, alisikiliza. Sauti ilimwambia kwamba Kitinda anamngoja baba afe. Kwamba dawa zinatupwa. Kwamba kuna mtu keshaoneshwa vyumba ili ahamie baba akifa. Na kila ilipomaliza, ilimhimiza, kwa upole uleule wa baba akimfundisha kushika randa, asiache kusugua, ashuke chini zaidi, asibakize mstari hata mmoja, maana kazi nusu ni aibu ya fundi.

Upande wa pili wa shuka, Mzee Randa aligonga. Mara mbili. Mara mbili. Mara mbili. Mwalimu alidhani hataki chakula, hataki mto, hataki kufunikwa.

Kitinda naye alibadilika. Alianza kuinusa chai ya baba kabla ya kumpa. Siku moja Mwalimu alimkuta amesimama mbele ya makopo ya dawa ya rangi na vanishi, anayanyanyua moja moja kama anayapima uzito. Waliulizana hali kwa adabu, kama wapangaji. Nyumba ambamo dada hawa walizoea kutaniana kuanzia jikoni hadi bafuni sasa ilikuwa na milio ya vijiko tu.

Mistari miwili ilikuwa imebaki kwenye ubao siku Mwalimu alipoviona vidonge. Vilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati, sita, vimelowa, vimekaa mstari mmoja. Hakujiuliza vimefikaje ndani ya droo ambayo asubuhi yake aliisugua kwa mkono wake. Alimngoja mdogo wake aingie kutoka kazini, unga bado kwenye nyusi, akavimwaga mezani na kumwambia akusanye nguo zake.

Kitinda hakufoka. Alivitazama vidonge, akamtazama dada yake.

"Nani kakwambia ni mimi?"

"Baba."

"Kakwambia kwa kugonga?"

"Kwa kinywa chake."

Kitinda alivuta kiti, akakaa kama mtu aliyekatwa miguu. Aliposema, ilibidi Mwalimu ainame kumsikia. "Dada, mimi pia kaniambia. Nikishampa dawa jioni na kumgeuzia mgongo, wewe ukiwa bafuni. Sauti inatoka nyuma ya shuka, inasema nisimtazame. Kaniambia wewe unamtilia dawa ya rangi kwenye chai."

Walitazamana. Nyuma ya shuka? Baba anakaa sebuleni, mbele ya shuka. Nyuma yake, ukiwa sebuleni, hakuna kitu kingine isipokuwa kabati.

Walikwenda sebuleni wameshikana mikono kama walivyofanya wakiwa wadogo. Mzee Randa alikuwa kitini, jasho linamtoka, kidole cha shahada cha kushoto kikitembea juu ya mkono wa kiti. Kwa wiki tatu vumbi la msasa lilikuwa limepenya chini na pembeni ya shuka na kutua taratibu juu ya mbao ile, na katika vumbi hilo kidole ambacho hakikuweza kushika kalamu kilikuwa kimeandika, herufi zikipepesuka, zikipandiana, zimeandikwa na kurudiwa mpaka mahali pakaisha: SI MIMI SI MIMI SI MIMI.

Na nyuma ya shuka, karibu sana, kama mtu aliyeegemeza paji la uso kwenye kitambaa, sauti ya baba yao ikasema bila haraka, "Mwongo huyo."

Walimbeba mzee pamoja na kiti chake hadi nje, na usiku ule walilala kwa jirani.

Aliyewasaidia alikuwa fundi saa, mtu mfupi, mpole, mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia kifuani, ambaye watu walimwendea kwa mambo haya kwa siri, wakijifanya wanapeleka saa. Alikuja saa nne asubuhi. Aliutazama ubao wa mgongo bila kuugusa, akasoma kimoyomoyo mistari miwili iliyobaki, akauliza swali moja tu.

"Nani aliitika kwanza?"

Mwalimu akasema ni yeye.

Fundi saa akaeleza kwa sauti ya chini kwamba maandishi yale yalikuwa kufuli, na zile rangi saba ni watu saba waliosikia kitu wakadhani kukifunika ndiyo kukinyamazisha. Kuchoma moto hakufai, kitatoka na moshi. Kabati lifumuliwe kiungo kwa kiungo na mkono wa yule yule aliyeitika, bila kuvunja, bila kukata, kwa kinyume cha namna lilivyoungwa, na anayelifumua asiitike tena lolote atakalosikia. Toka leo, akasema, msiitike sauti ya mtu ambaye mdomo wake hamuuoni.

Mwalimu hakujua kiungo kipi kilitangulia kuungwa. Aliyeweza kulisoma kabati kwa macho ni seremala mmoja tu. Wakamrudisha Mzee Randa, wakaiondoa shuka, wakamweka uso kwa uso na kabati. Fundi saa akasimama pembeni akisoma maneno yake. Kitinda akamshika baba bega. Mwalimu akagusa kiungo cha juu kwa nyundo ya mti, akamtazama baba yake. Mara mbili: hapana. Akagusa cha chini. Mara moja.

Akaanza. Kiungo cha kwanza kilipolegea, pumzi ile ya uvuguvugu ilimjia usoni, na sauti ikamwita mwanangu. Cha pili, ikamkumbusha siku alipoanguka kwenye lundo la mbao akabebwa mgongoni, jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Cha tatu, ikaanza kulia, na Mwalimu, ambaye hajawahi kumsikia baba yake akilia, alisikia kilio kilichokuwa cha baba yake kabisa, kikikwama palepale kwenye koo ambapo kicheko chake kilikuwa kikikwama zamani, kikisema unanitoa roho mwanangu, unanitoa roho kwa mkono niliokufundisha mimi, niitikie mara moja tu nijue unanisikia, na mbele yake, hatua mbili tu, baba yake alikuwa amekaa mdomo umefumbwa, machozi yakimshuka, akigonga mara moja, mara moja, mara moja, ndiyo, ndiyo, endelea, mpaka ubao wa mgongo ukachomoka na kulala sakafuni kama ubao mwingine wowote.

Kukawa kimya. Chumba kikanuka mvule.

Fundi saa aliondoka na mbao zimefungwa mafungu mawili. Hakusema anazipeleka wapi, nao hawakumuuliza. Walifagia vumbi, wakapangusa kiti, wakaombana radhi kwa machozi na baadaye kwa vicheko. Shule zilifunguliwa. Miezi minne ilipita na hakuna aliyesikia lolote.

Kisha Jumapili moja mchana, dada wote wawili wakiwa jikoni wanaosha vyombo, sauti ikatoka sebuleni.

"Mwa... nangu."

Kitinda alifunga bomba. Sauti ilikuwa hafifu, imekatikakatika. Ikaita tena. Mara ya tatu ikajaribu majina yao, yale ya utotoni, moja baada ya jingine, ikihangaika na kila silabi kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Mwalimu alimbana mdogo wake mkono. Hakuna aliyeitika. Walisimama pale, maji yakiwachuruzika viwikoni, mpaka sauti ikachoka yenyewe. Walipojipa moyo kwenda, walimkuta mzee kitini, mdomo umefumbwa, ameelekeza uso dirishani.

Kesho yake mama wa mazoezi alikuja. Akiwa anavua viatu mlangoni, akitabasamu, aliwauliza wamejisikiaje. Wakamuuliza kuhusu nini. Alishangaa. Akawaambia kwamba kwa mwezi mzima, kila anapokuja, mzee alikuwa akijifunza kwa siri kusema neno moja na majina yao, na kwamba jana ndiyo siku waliyopanga awaite mwenyewe.

Mwalimu alikimbia sebuleni, akapiga magoti mbele ya kiti, akashika mikono yote miwili ya baba yake. Alimwomba amsamehe. Alimwomba aseme tena, neno lolote, yuko hapa, anasikiliza.

Mzee Randa aligeuka polepole. Hakumtazama machoni. Alimtazama mdomo, akaukazia macho kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba maneno yale yanatoka humo kweli. Kisha akauchomoa mkono wake wa kushoto.