King'ora Kilichofungwa Mdomo

Mama Kamba na mumewe walivusha watoto wa shule mtoni kwa mashua kila asubuhi. Mume alishika usukani, na watu wote walimwita Nahodha. Mke alifunga na kufungua kamba za mashua, ndipo jina likamganda. Alizipenda kamba zake. Hakutaka zioze kwa maji. Wakifika ng'ambo alizikamua, kisha akazitundika nyuma ya injini palipo na joto. Hapo zilikauka vizuri kama nguo za mtoto mchanga.

Injini ilikuwa ya dizeli, kongwe lakini yenye afya. Karibu na usukani palikuwa na king'ora kidogo. Nahodha akifungua swichi kwa ufunguo, kilipiga kelele: piii! Injini ikishanguruma, kilinyamaza. Kila siku hivyo hivyo.

Asubuhi moja injini ilinguruma, lakini king'ora hakikunyamaza.

"Zima, baba watoto!" alisema Mama Kamba.

Nahodha akazima. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena. Oili ilifika kwenye alama. Akawasha, akachungulia bomba la moshi. Maji ya kupoza injini yalikuwa yakitemwa nje vizuri.

"Injini nzima," akasema. "Kinachoumwa ni hiki kipiga kelele."

"Basi kama kinaumwa, si kitibiwe?"

"Dada yangu fundi akipata nafasi atakitazama. Sasa hivi watoto wanachelewa."

Akapeleka mkono chini ya usukani, akachomoa waya wa king'ora. Kimya.

"Mbwa anayebweka ovyo anafungwa mdomo," alisema.

"Na mwizi akija?"

"Utabweka wewe," akajibu Nahodha. Watoto wakacheka. Mama Kamba hakucheka. Kitindamimba wake alikuwa amekaa katikati ya watoto hao, amekumbatia mkoba.

Siku zikapita. Dada hakuitwa. Mama Kamba akaanza kuweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, kama mtu anayepima homa. Akawa anasikiliza. Akawa ananusa. Hata nyumbani, akiwa anakoroga uji, masikio yake yalikuwa mashuani.

"Utaugua kwa wasiwasi," mumewe alimwambia.

"Heri niugue mimi, injini ipone."

Kisha ikaja asubuhi ya maji ya kasi. Walipofika katikati ya mto, kiganja chake kiliruka chenyewe. Kifuniko kilikuwa cha moto! Akainama kutazama bomba la moshi. Halikutema maji. Lilitoa mvuke mweupe.

"Zima! Injini inaungua!"

Nahodha alizima. Mkondo ukaichukua mashua, ukaielekeza kwenye nguzo za daraja. Watoto wakaanza kulia. Mama Kamba aliitupa nanga. Kamba ikakimbia mkononi mwake, ikamchuna ngozi, kisha ikakaza. Mashua ikasimama. Nguzo ilikuwa karibu sana, wote waliona ukoga wake.

"Kaeni chini, wanangu. Mtu asisimame," alisema. Sauti yake ilitulia.

Mashua ya wachimba mchanga ikaja, ikawavuta hadi gatini. Hapo Nahodha akataka kufungua kifuniko cha maji ya injini.

"Kaka, acha!" Ilikuwa sauti ya dada yake, fundi wa injini. Alikuwa ameitwa, akaja mbio na mkoba wa vifaa. "Maji hayo yanachemka. Ukifungua sasa yatakubabua uso, na hatuna uso wa akiba."

Wakasubiri injini ipoe. Fundi alikagua mdomo wa bomba linalovuta maji ya mto. Mfuko wa plastiki ulikuwa umeuziba. Akautoa.

"King'ora kingelia mapema," alisema. "Kiko wapi?"

Nahodha akatazama vidole vyake vya miguu.

Fundi akaurudisha waya, akafungua swichi bila kuwasha injini. Piii! Akachomoa waya kwenye swichi ya oili, kisha kwenye swichi ya joto, zile zinazokiamsha king'ora. Bado kilipiga kelele.

"Swichi zote mbili nimezitenga, lakini kinalia. Basi kosa liko njiani, kwenye waya."

Akaufuata waya kwa vidole, polepole, hadi nyuma ya injini. Akasimama.

"Wifi, nani anaanika humu?"

Mama Kamba akasogea karibu. "Mimi. Kamba zangu."

"Kamba mbichi ni nzito. Zimeuvuta waya, ukawa unasugua chuma. Ona, ngozi yake imechubuka. Ukigusa chuma, king'ora kinalia hata kama injini ni nzima."

Nahodha akafungua mdomo kusema neno.

"Ufunge, kaka," fundi akamwahi. "Yeye amechubua waya bila kujua. Wewe umekikata king'ora ulimi kwa makusudi. Kikilia, punguza mwendo, tafuta mahali salama, zima, pima oili, tazama maji. Ukiona vyote vizima, bado king'ora kina ugonjwa wake. Kitibiwe kabla ya kubeba watu."

Akaitenga betri, akabadilisha kipande kile cha waya, akakifunga mbali na chuma na joto. Akairudisha betri, akafungua swichi. King'ora kililia. Injini ikawaka, kikanyamaza. Mwisho aliuchomoa waya wa swichi ya joto, akaugusisha chuma kidogo. Piii! "Sasa tunajua hata joto kitalisema," alisema. Akaurudisha mahali pake.

Mama Kamba alipigilia kigingi nje kwenye ukingo wa mashua. Kamba zake zinakaukia hapo, juani.

Juzi Nahodha alichelewa. Aliruka mashuani, akawasha haraka haraka, injini ikanguruma papo hapo.

"Fungua kamba, tuondoke!"

Mama Kamba hakusogea. "Sijakisikia king'ora."

"Kimelia, ni wewe tu hukusikia."

"Usukani ni wako, baba watoto. Kamba ni yangu. Kisipolia, sifungui."

Watoto walimtazama Nahodha. Akazima. Akafungua swichi taratibu, akangoja. Piii! Akawasha. King'ora kikanyamaza.

Mama Kamba akafungua kamba. Akaketi karibu na mwanawe, na mkono wake akauweka begani kwa mtoto, si juu ya injini.