Gurudumu Lililomtafuta Verna

Gurudumu lilipoacha kuzunguka juu ya vyuma vya kupimia mizani yake, upande wake mzito haukwenda chini. Ulikaa pembeni, alama ya chaki iliyochorwa hapo ikielekea mlango wa jikoni.

Delmer Stidham alijikuna kidevu. Tangu astaafu mgodini, kazi yake pale vilimani Kentucky ilikuwa kuwafungia rafiki zake tairi za gari kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki zao kubwa za safari. Mafundi wa mjini waliwaona vichaa, na wao wenyewe walitaniana kwamba wamehamia upande wa giza, lakini tairi la gari halichakai upesi, basi. Leo ilikuwa zamu ya pikipiki yake mwenyewe. Jumamosi yeye na mkewe Verna wangevuka milima kwenda kwa binti yao aliyejifungua, Verna akiwa amekaa nyuma kama kawaida, juu kabisa ya gurudumu hilo.

"Umepaka sabuni nyingi ulipolivisha tairi, imejaa humo ndani," alisema Boyd, jirani yake, aliyekuja kusaidia na zaidi kula.

"Sabuni gani hiyo inayong'ang'ania pembeni, Boyd? Maji huenda chini."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Delmer hakulisema. Alipokuwa akilijaza upepo, kingo za tairi zilikalia rimu kwa kishindo, pa! pa!, kama ilivyo siku zote. Kisha ikafuata pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetoka chini ya maji, na harufu ya nywele zinazoungua.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Verna akaingia na sahani ya maharage na mkate wa mahindi, akakatiza hadi meza ya vifaa upande wa pili wa gereji. Gurudumu, ambalo hakuna aliyeligusa, likageuka. Alama ya chaki ikashuka, ikapanda upande wa pili, ikasimama ikimwelekea yeye.

"Mbona mmenyamaza? Mmevunja nini tena?"

"Shemeji," Boyd akasema polepole, "hebu rudi mlangoni."

"Chakula hujakigusa, tayari unanifukuza kwangu?"

"Rudi tu, nakuomba."

Verna akarudi akicheka. Chaki ikamfuata. Akasogea tena mezani, ikamfuata tena, na safari hii aliiona mwenyewe, kicheko kikamkauka mdomoni.

Boyd alichuchumaa, akapapasa chini ya tumbo la pikipiki. Aliposimama uso wake ulikuwa umebadilika.

"Delmer. Kengele iko wapi?"

Delmer alitamani ardhi impasukie. Kila mwendesha pikipiki wa kwao huning'iniza kengele ndogo chini kabisa, karibu na lami, ili imnase jini wa barabarani kabla hajampanda mtu. Huwezi kujinunulia, haina nguvu mpaka upewe na anayekupenda. Verna alimpa yake siku walipoleta pikipiki nyumbani. Lakini tairi la gari ni pana, lingeigusa, na parafujo yake ilikuwa imeshikwa na kutu. Asubuhi ile aliipiga nyundo mpaka ikang'oka. Kengele ikapasuka.

"Ipo kwenye pipa la takataka," alisema.

"Ile niliyokupa mimi?" Verna aliuliza.

"Ilikuwa kengele tu, mama. Nilijua utanipa nyingine."

"Haikuwa tupu," Boyd akanong'ona. "Lililokuwa humo umelifungulia. Na linamjua aliyelifunga."

Walimleta Dada Opal, mama wa kanisani anayewaombea wagonjwa kwa mafuta. Hakuuliza mengi. Alipaka rimu mafuta, akaweka kiganja juu ya tairi na kuanza kuomba, na gurudumu likaanza kutetemeka, kisha kuzunguka, polepole kwanza na halafu kwa kasi ambayo mkono wa mtu haungeweza kulizungusha, harufu ya nywele zinazoungua ikajaa gereji mpaka Boyd akaziba pua kwa kofia yake, na kutoka kwenye pipa la takataka ile kengele iliyopasuka ikalia, ikalia, mlio mbovu usio na mwangwi, huku Delmer akiwa amemkumbatia mkewe bila kujua anamkinga na nini wala anamkinga upande gani.

Halafu kimya. Gurudumu likasimama. Delmer akalisukuma, likasimama mahali pengine. Verna akazunguka gereji nzima, chaki haikumjali.

"Limetoka," alisema Dada Opal akijifuta jasho.

Delmer alilia mbele yao wote bila aibu. Kwa furaha ile, hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Hata hivyo pikipiki hakuitaka tena. Jumamosi wakachukua gari lao kuukuu, Verna pembeni yake kulia, kama magari ya Marekani yalivyo, na blanketi la mjukuu mapajani. Barabara ilipoanza kufuata mto, mto ukiwa bondeni upande wa kulia, usukani ukaanza kuvuta kulia.

Alisimamisha gari mahali penye nafasi, akakagua tairi zote. Zilikuwa nzima.

"Kuna nini?" Verna aliuliza.

"Hamna kitu. Gari limezeeka kama mwenyewe. Wewe hamia nyuma yangu, huku kushoto, ujinyooshe kidogo."

Alihama. Na kweli usukani ukatulia, ukawa mwepesi mikononi, Delmer akapumua na kujiita mjinga, wakapanda kilima cha mwisho ambako barabara ni nyembamba na ukuta wa mwamba uko upande wa kushoto, na ng'ambo ya kona akasikia lori la makaa ya mawe likiteremka kuwakabili, kwenye njia ya kushoto kwake.

"Delmer," Verna akanong'ona nyuma ya kisogo chake, "nani anaunguza nywele?"

Alikanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini. Akaushika usukani kwa nguvu zote za mikono iliyochimba makaa maisha yake yote, nao, taratibu, bila haraka yoyote, ukaanza kugeuka kushoto.