Kimya Mbele ya Kaburi la Sharifu

Mcha aliizima injini mbele ya kaburi la sharifu, na bahari ikaanza kuwachukua.

Haukuwa uzembe. Watu wa Tumbatu walipokuwa wakisafiri kwa tanga, walilishusha wakifika kisiwa kile chenye kaburi, wakasoma Fatiha, kisha wakalipandisha. Boti zilipotiwa mashine, walizima mashine. Mcha, nahodha na fundi wa boti yake mwenyewe, hajawahi kupita pale na kelele. Siku zote aliiwasha tena kabla haijapoa.

Lakini masika ya mwaka 1966 yalikuwa mabaya. Wimbi liliruka ubavuni, likamwagikia kichwa cha injini. Chuma kikalia, mvuke ukapanda.

"Kimepoa?" aliuliza Bi Kazija, mkunga wa serikali. Alikaa juu ya mbao, kichwa cha Wanu mapajani mwake. Mtoto wa Wanu alikuwa amelala mshazari tumboni. Mkono mdogo ushatoka, mwili umekwama. Kazija alikwisha fanya yote aliyoyaweza. Sasa kilitakiwa kisu cha daktari, hospitali ya mjini, na upesi.

"Kimepoa," Mcha alisema. "Usihofu, Bi Kazija. Mashine hii kama bibi harusi, haitoki mpaka ifukizwe."

Ilikuwa dizeli ya kizamani, ya mwanzo wa karne. Haina betri, haina plagi. Kichwa chake huchomwa kwa moto wa pampu, uleule wa stovu ya jikoni, mpaka kiwe chekundu. Kisha gurudumu zito huzungushwa kwa mkono. Mcha alipampu, akawasha. Ukatoka ulimi wa njano, ukakohoa, ukafa.

"Tundu la pampu limeziba," alisema Kazija. "Iko wapi sindano ya stovu, ya kuzibulia?"

"Imekatika juzi."

"Na hukununua nyengine?"

Kusi liliwasukuma kwenye mwamba, kule maji yalikokuwa meupe. Mcha alitupa nanga. Kamba ikakaza, ikalia, ikakatika.

"Maji," Wanu alinong'ona.

Kazija alilowesha kitambaa, akampangusa midomo. "Usimeze. Utapasuliwa."

"Nnakufa, Bi Kazija?"

"Bado. Shika ubao huo."

Alifungua sanduku lake la kazi. Kila sindano ya kuchomea dawa ilikuwa na kiwaya chembamba kama unywele kilichopitishwa ndani ili isizibe. Akakichomoa kimoja kwa meno.

Mcha alinyoosha mkono akipokee. "Lete pampu hapa," Kazija alimwambia. "Kikikatikia ndani, sote tumekwisha."

Boti ilipanda, ikaanguka. Alingoja itulie, akasukuma. Kiwaya kikapinda. Akakinyoosha kwa kucha, akasukuma tena, na punje nyeusi ikatoka.

Moto uliunguruma, wa buluu sasa. Mcha aliuinamia, mgongo wake ukipokea mawimbi. Boti ikayumba, moto ukamlamba kiganja, ngozi ikachunika. Hakuuachia.

"Mkono wako!"

"Uache."

Ngurumo za mwamba zilikuwa karibu mno, Wanu akaziba masikio. Chuma kikawa kama damu ya zamani, kisha kikawaka. Mcha alilivuta gurudumu. Kimya. Akalivuta tena, likamrudishia teke, akaanguka. Akainuka, akavuta kwa uzito wake wote.

Dum. Dum. Dum.

Povu la mwamba liliwarukia wakiondoka.

Jua lilikuwa linazama walipofunga bandarini Malindi, mjini. Wapagazi walimbeba Wanu kwa machela, Kazija akikimbia pembeni. Mcha alibaki botini, injini ikidunda.

"We Mcha!" mpagazi mmoja alipiga kelele. "Unaunguza mafuta bure, au unaipigia ngoma? Zima!"

"Sizimi."

Kazija alirudi baada ya Isha, kanga yake imeganda damu.

"Wanu yu hai," alisema.

"Na mtoto?"

"Mwanamume. Hatukumuwahi."

Mcha aliutazama mkono wake ulioungua. "Kesho nikipita pale nitamsomea sharifu," alisema. "Lakini mashine itakwenda."

"Ndivyo."

Kisha Mcha akafunga mafuta. Injini ikadunda polepole, ikadunda mara moja zaidi, ikanyamaza. Mcha akainua viganja, kimoja kizima, kimoja kibichi, akamsomea mtoto.