Kona ya Vogel

Maiti ya Emmet Vogel ililala kifudifudi kwenye mahindi, karibu na kona ya barabara kuu, nyundo yake mwenyewe kando. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba Inspekta Marlys Hruska nusura aukanyage mkono wa marehemu.

"Kapigwa kisogoni," alisema daktari wa polisi. "Amekufa tangu jana asubuhi."

Lavonne, dereva wa lori la maziwa aliyeigundua maiti, akamkatiza.

"Jana asubuhi? Haiwezekani! Jana magharibi nimepishana na pikapu yake hapahapa. Akaniinulia kidole!"

Askari wakatazamana. Katika barabara ile kila dereva humwinulia mwenzake kidole juu ya usukani kumsalimu. Hata adui hanyimwi. Ni Emmet peke yake aliyekuwa hamwamkii mtu. Zamani baba yake aliwafukuza wajenzi kwa bunduki, ndiyo maana barabara iliyonyooka kama uzi tangu mtoni ikalizunguka shamba lake. Majirani wakawanunia akina Vogel, nao wakawanunia majirani.

"Mzimu huo, Marlys mwanangu," Lavonne alinong'ona.

"Tangu lini mzimu ukawa na adabu kuliko mwenyewe?" Inspekta alijibu.

Pikapu ilikutwa nyuma ya kanisa. Pale konani palisimama msalaba mweupe wenye jina la Jolene Tjaden, aliyefia hapo kwa ajali ya gari, na mbele yake vigingi vya wapimaji waliokuja kuinyoosha barabara. Vichwa vya vigingi vilikuwa vimegongwa upya kwa nyundo, na alama za kwato za ng'ombe zimetapakaa chini. Marlys alivitazama kwa muda, kisha akaenda kwa baba yake Jolene.

Mzee Arlo Tjaden alimmiminia kahawa.

"Jana jioni ulikuwa wapi, mzee Arlo?"

"Hapahapa. Magoti haya yanipeleke wapi?"

"Pikapu ya Emmet ilionekana barabarani."

"Watu husema mengi."

"Lavonne analalamika. Eti aliyeiendesha alimpita kama gogo, hata kidole hakuinua."

"Mwongo huyo!" Arlo aligonga meza. "Tangu nishike usukani sijampita mtu hivyo! Nilimwinulia kidole, naye akaniinulia!"

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Arlo iliishia kwenye kikombe cha kahawa.

"Kona ile imemla mwanangu," alisema hatimaye. "Sasa wanataka kuinyoosha, jana asubuhi namkuta yule hayawani kaviinamia vigingi, anaving'oa. Nikampokonya nyundo, nikampiga. Jioni nikarudi kuliondoa gari lake."

"Mzee wangu, mtu anayeng'oa kigingi nyundo ya nini?"

Arlo akakisukuma kikombe kando. Marlys akaendelea:

"Ng'ombe wake waliviangusha. Yeye alikuwa anavirudishia."

Uso wa mzee ukasawijika. "Aliniambia, 'Ngoja, Arlo.' Miaka yote hiyo hajanisemesha. Nikadhani ananidhihaki."

Akalia kama mtoto, na Marlys akamwonea huruma, lakini akamfunga pingu.

Walipofika konani ukungu ulikuwa bado haujainuka. Taa za lori la maziwa zikawajia polepole, na mkono wa Lavonne ukainuka nyuma ya kioo. Kwenye kiti cha nyuma pingu zikalia. Marlys akatazama kwenye kioo cha ndani: Arlo, macho kwenye msalaba wa binti yake, alikuwa ameinua kidole.