Ile Video Yangu Mliyoicheka

Nilisikia sauti ya mtoto wangu ikitoka kwenye zizi la ng'ombe...

Wiki saba! Wiki saba hatujui kama yuko hai au amekufa. Na hapo, nyuma ya mbao, sauti yake ikasema, "Jeni..." Ikanyamaza. Ikasema tena, "Jeni..."

Ndoo ya maji ilinitoka mkononi.

Ndani alikuwa Jeniffer, mke wake. Amechuchumaa kando ya ng'ombe, hajamaliza kukamua, simu ameibana sikioni na machozi yanamtiririka.

"Unaongea na Muchangi!"

Alishtuka, akaificha simu ndani ya sweta.

"Hapana, Mami. Siongei na mtu."

"Nimesikia sauti yake! Na hii masikio yangu!"

"Mami, tafadhari... wachana na hiyo kitu."

Niachane nayo? Ndugu zangu, mimi niachane na sauti ya mwanangu?

Ngoja kwanza niwaambie mimi ni nani, maana wengi wenu mnanijua. Jina langu ni Ngendo, lakini hapa Naro Moru naitwa Mama Waru, kwa sababu nauza waru, yaani viazi, kando ya barabara ya kwenda Nanyuki. Mimi ndiye yule mama wa video ya kumtukana conman, yaani tapeli wa simu. Ndiyo, huyo huyo!

Muchangi ndiye mtoto wangu wa pekee. Ni askari. Mwaka jana alipelekwa ng'ambo na kikosi cha kulinda amani, nchi ambayo jina lake hunishinda kutamka mpaka leo. Alikuwa anapiga kila Jumapili tukitoka kanisani. Kisha Jumapili moja hakupiga. Ya pili, kimya. WhatsApp, tiki moja tu. Tukaenda ofisini kwao Nairobi, tukaambiwa gari lao lilitoka kambini Jumanne moja na halikurudi.

"Bado tunafuatilia, mama. Rudini nyumbani mngoje."

Kungoja ni kazi, wapendwa. Unapika unangoja. Mbwa akibweka, unakimbia langoni na mwiko mkononi. Gari lolote geni likipunguza mwendo, unatoka mpaka barabarani kuchungulia. Usiombe yakukute.

Kwa hivyo mnielewe. Mtu ninayemlilia hivyo, kumbe anampigia mke wake kwa siri? Na mke tunakula naye meza moja, ananyamaza?

"Lete hiyo simu!"

"Hapana, Mami."

Nikampokonya.

"Umenifungia mtoto! Tangu uingie hii boma ulitaka akuwe wako peke yako!"

"Si hivyo..."

"Basi ni aje? Sema!"



"Siwezi sema."

"Kama huwezi, toka! Enda kwenu Mweiga. Na uende leo!"

Mnajua alifanya nini? Alirudi kwa ng'ombe akamaliza kukamua. Akachuja maziwa, akayaweka mezani, akayafunika na sahani. Kisha akachukua begi lake dogo akatoka kwenye mvua.

Nami nikajiona mshindi!

Asubuhi nikafika kwa Waweru, fundi wa simu, kabla hajafungua duka.

"Nifungurie hii. Nataka kusikia vile mtoto yangu anaambia bibi yake."

Aliitazama simu, akanitazama mimi.

"Hii ni ya Jeni."

"Kwani nimekuuliza ni ya nani? Fungua!"

"Mama Waru, kaa chini kwanza."

"Sikai!"

"Basi sitacheza hiyo kitu ukiwa umesimama."

Nikakaa juu ya kreti ya soda.

"Hakuna mtu anaongea na Muchangi," alisema polepole. "Hiyo sauti ni mimi nilimtolea Jeni. Nilitoa kwa ile video yako."

Video yangu?!

Mnaikumbuka. Ilikuwa asubuhi, niko kibandani, simu ikalia. Namba ndefu ajabu. Wiki hiyo matapeli walikuwa wamenipigia mara tatu, ati nimeshinda gari. Na soko zima hupenda nikiwajibu. Judy, jirani yangu muuza nyanya, alikuwa tayari ameshaanza kurekodi.

"Weka loud, Mama Waru! Tuchangamke!"

Nikaweka loudspeaker.

"Haro! Haro!"

Kimya. Nikangoja kidogo tu, sina subira mimi.

"Wewe mwizi, umemeza ulimi? Ati mnapigia akina mama asubuhi asubuhi! Mama yako anajua hii ndio kazi yako? Alikuzaa bure! Enda ushike jembe!"

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya kabeji zake. Nikakata. Nikablock hiyo namba. Jioni Judy akaiweka TikTok, nanyi mkaniita shujaa. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilizisoma komenti zenu zote.

Sasa Waweru akanivalisha earphone.

"Nimetoa kelele ya soko, na yako nimeshukisha. Sikiza huko chini."

Nikasikia. Hafifu, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi...

"Mami... ngoja, Mami, ni mimi... sauti inachelewa kufika... Ambia Jeni..."

Halafu tiii.

Hapo ndipo nilipokata.

Nilimwambia mwanangu kwamba mama yake alimzaa bure. Mimi! Kwa kinywa changu, mbele ya soko, nikicheka!

Nilihisi kufa, nawaambia ukweli. Nilitamani ardhi ya Naro Moru inimeze na viazi vyangu.

"Ni simu ya kambi," Waweru alisema. "Ukiongea inachukua muda ndio ifike kwake, na yake ifike kwako. Alikuwa anakujibu, Mama. Ni vile ulikuwa umeshaanza."

"Ilikuwa siku gani?"

Aliinamisha kichwa. "Jumanne. Ile Jumanne gari lao lilitoka."

"Jeni amejua tangu lini?"

"Wiki tano. Alikuwa anaangalia hiyo video ndio acheke kidogo, akasikia jina yake. Nilipomsafishia, alinirai nisikuambie. Alisema, 'Mami akisikia hii, atakufa nayo.'"

Wiki tano! Wiki tano nikimwita mchoyo, nikimnunia, nikimwambia hana uchungu na mume wake... na yeye amebeba siri yangu mimi.

Nilimkuta Mweiga kwenye shamba la mama yake, akichimba viazi. Aliponiona hakusimama.

"Jeni, nimesikia."

Jembe likasimama.

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui kama nimekusamehea, Mami. Siku zingine nakuangalia ukikunywa chai, nasikia kuimwaga hiyo chai." Akajifuta pua na mkono wenye udongo. "Halafu unacheka, na unacheka kama yeye. Hasira inaniisha."

"Alitaka nikuambie nini?"

"Sijui! Nimesikiza mpaka nimechoka. Nakuwanga nafikiri labda nikisikiza tena... Lakini baada ya jina yangu hakuna kitu."

Tulilia pale kwenye matuta, wanawake wawili na karai la viazi. Mama yake alitoka, akatuona, akarudi ndani bila kuuliza.

"Rudi nyumbani," nikamwambia.

"Nitarudi. Akikuja, anajua kunipata huko."

Sasa tuko wawili tena. Namba ile nimeifungulia. Haijalia.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu sina, majuto ninayo.

Somo langu ni fupi. Ukipigiwa na namba usiyoijua, sema haro, kisha ungoje. Akiwa mwizi, hata hiyo dakika aliyokuibia si kitu. Matusi hayana haraka, utamtukana baadaye.

Lakini sikuja hapa kufundisha. Nimekuja kuomba.

Judy aliikata ile video kabla ya kuipost. Anasema mwanzoni kulikuwa na kunyamaza, na watu hawapendi kungoja. Ile ndefu aliifuta, simu yake ilikuwa imejaa. Ila alikuwa ameshaituma kwa groupu la soko, na wengine wakaituma mbele kabla haijajifuta yenyewe kule. Sijui ilifika wapi.

Waweru anasema pengine huko mwanzoni hakuna neno. Jeni anasema tutafute tu, huenda alianza na ujumbe wake na kelele ya soko ikaumeza.

Kama unayo hiyo ndefu, tafadhali njoo inbox. Tunataka zile sekunde za mwanzo tu, kabla sijaanza kupiga kelele. Hata kama ulinicheka, sina kinyongo, nitumie.

Sitaisikiliza mimi. Hayo maneno si yangu. Ni ya Jeniffer.